Sindano zilizotumika nyumbani: Jinsi ya kuziweka na kuzitupa bila kuwadhuru wengine

MAMA anayemdunga mwanawe insulini mara nne kwa siku hutumia sindano 28 kila wiki. Mwaka unapokwisha, nyumba hiyo ya chumba kimoja au viwili huwa imetoa sindano 1,460, bila kuhesabu vile visindano vidogo vya kutoboa kidole wakati wa kupima sukari. Kuna swali ambalo wazazi wengi hawaulizwi kliniki, na ambalo wao wenyewe huona haya kuliuliza: sindano hizo zote huishia wapi?

Mijini, aghalabu hutiwa katika mfuko wa taka pamoja na maganda ya viazi na nepi za mtoto. Mfuko hufungwa fundo na kuwekwa mlangoni, na kijana wa mkokoteni akipita huutupa begani na kwenda zake. Vijijini hutumbukizwa chooni au hurushwa katika shimo la taka nyuma ya jikoni, mahali ambapo kuku huchakura na watoto hutafuta vitu vya kuchezea.

Hospitalini mambo ni tofauti kabisa. Muuguzi akishamdunga mgonjwa, sindano huingia moja kwa moja katika kisanduku cha usalama, kile cha karatasi ngumu chenye tundu juu, ambacho aghalabu huwa cha rangi ya manjano. Hakijazwi kupita robo tatu. Kikifika hapo hufungwa na kupelekwa kuchomwa katika tanuri maalumu, au kutibiwa katika mashine zinazoua vijidudu kwa mvuke au kwa mikrowevu. Kanuni za usimamizi wa taka zilizotolewa nchini Kenya mwaka wa 2006 chini ya sheria ya mazingira ziliweka sehemu nzima kuhusu taka za matibabu. Lakini kanuni hizo ziliandikwa zikimfikiria mwenye hospitali, zahanati au maabara. Mgonjwa anayejitibu chumbani mwake hakuwa akilini mwa waandishi.

Na mgonjwa huyo si mmoja. Wapo wenye kisukari wanaotumia insulini, wawe watoto au wazee. Wapo kina mama wajawazito na watu waliotoka kufanyiwa upasuaji ambao huagizwa kujidunga dawa ya kuzuia damu kuganda. Wapo wenye hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, ambao baadhi yao hujidunga dawa nyumbani. Siku hizi wapo pia wanawake wanaofunzwa kujidunga wenyewe sindano ya kupanga uzazi, ile inayoingizwa chini ya ngozi kila baada ya miezi mitatu. Fauka ya hao, wahamasishaji wa afya ya jamii walioanza kupewa mikoba ya vifaa na serikali mnamo Septemba 2023 hubeba vipimo vya sukari, na kila kipimo hutaka tone la damu na kitu chenye ncha cha kulitoa.

Nani huumia?

Mara nyingi anayedungwa siye aliyetupa. Wa kwanza ni mkusanyaji taka. Mfuko mwembamba wa taka hauwezi kuzuia sindano. Anapouinua, uzito wote hushuka chini na ncha hujitokeza kwenye paja lake au mgongoni. Wa pili ni mchakuraji katika jaa. Dandora, jaa kuu la Nairobi ambalo limekuwa likipokea taka za jiji tangu miaka ya 1970, huwapa riziki watu wengi wanaochambua kwa mikono plastiki, chuma na chupa ili wauze kwa kilo. Bomba la sindano ni plastiki pia, na halimwambii mtu kwamba ndani yake mna ncha yenye damu.

Wa tatu husahaulika zaidi, naye ni yule kijana anayechota vyoo vya shimo katika mitaa ya mabanda ambamo lori la kunyonya maji taka haliwezi kupita. Kazi hiyo hufanywa kwa ndoo, usiku, na mara nyingi bila glavu. Anayetumbukiza sindano chooni huamini ameiondoa duniani, kumbe amemwekea mwenzake mtego.

Halafu kuna watoto. Sindano ya kalamu ya insulini ya siku hizi ina urefu wa milimita nne tu. Ikidondoka kwenye zulia au mchangani haionekani, na mtoto anayetambaa ndiye huigundua.

Kuhusu ukubwa wa hatari, inafaa kusema ukweli bila kutia watu hofu isiyo na msingi. Kwa muda mrefu wahudumu wa afya wamefundishwa kanuni rahisi ya tatu tatu. Mtu asiye na chanjo akidungwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi, uwezekano wa kuambukizwa homa ya ini aina ya B hufika hadi asilimia 30, homa ya ini aina ya C asilimia 3 hivi, na virusi vya Ukimwi asilimia 0.3. Utafiti wa miaka ya karibuni umeyashusha makadirio ya homa ya ini C chini ya hapo. Takwimu hizo ni za hospitalini, ambako damu ni mbichi na sindano ni pana. Sindano ya insulini ni nyembamba mno na hubeba damu kidogo, na ikishalala jaani kwa siku kadhaa hatari ya Ukimwi hupungua sana.

Homa ya ini B ndiyo yenye ukaidi. Virusi vyake vinaweza kukaa katika damu iliyokauka kwa siku saba au zaidi vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Kenya iliingiza chanjo yake miongoni mwa chanjo za watoto wachanga mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sasa hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Waliozaliwa kabla ya hapo, ambao ndio wengi wa watu wazima wanaosukuma mikokoteni na kuchambua taka, hawana kinga hiyo isipokuwa waliitafuta wenyewe. Mtu mzima huhitaji dozi tatu katika muda wa miezi sita. Kampuni au kikundi chochote kinachoajiri wakusanyaji taka bila kuwapa chanjo hiyo kinacheza na maisha ya watu.

Mtu asije akachanganya jambo hili na lile la kutumia sindano moja kwa watu wengi, ambalo ni baya zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka wa 2000 sindano zilizochafuka zilisababisha maambukizi milioni 21 ya homa ya ini B, milioni mbili ya homa ya ini C na 260,000 ya virusi vya Ukimwi kote duniani. Hayo yalitokana hasa na kurudiwa kwa sindano. Hata hivyo mambo haya mawili yana uhusiano, kwani sindano isiyotupwa vyema ni sindano inayoweza kuokotwa na kutumiwa tena. Kwa sababu iyo hiyo, kalamu ya insulini haiazimwi hata kwa ndugu wa tumbo moja, hata kama sindano ya mbele imebadilishwa. Chembe za damu huweza kurudi nyuma na kuingia ndani ya dawa.

Chombo

Kitu cha kwanza anachohitaji mgonjwa ni chombo. Vile visanduku vya hospitali vikipatikana, vyema, lakini wengi hawavipati na havina ulazima. Kinachotakiwa ni chombo cha plastiki nzito isiyotoboka, chenye mdomo unaopitisha sindano na kifuniko cha kukaza, kinachoweza kusimama bila kuanguka na kisichovuja. Nyumba nyingi za Kenya tayari zinacho. Mtungi mtupu wa sabuni ya maji ya kufulia unafaa sana. Chupa nzito ya dawa ya kung'arisha nguo, ile ambayo kila mtu huiita jiki hata kama ni ya kampuni nyingine, nayo inafaa. Mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita tatu au tano pia utatosha ikiwa plastiki yake ni ngumu.

Chupa ya maji ya dukani haifai, kwa kuwa ni laini na ncha hupenya. Pakiti ya maziwa haifai. Chupa ya glasi huvunjika, na hapo hatari huwa mbili. Mkebe wa soda una ukuta mwembamba na hauna kifuniko. Kopo la bati la maziwa ya unga ni gumu vya kutosha, ila kifuniko chake hufunguka kwa urahisi likianguka. Anayelitumia hana budi kulizungushia utepe wa kunata na kuacha tundu dogo tu la kupitishia sindano.

Hapa pana jambo ambalo miongozo ya ng'ambo hailitaji, kwa sababu huko mtungi mtupu ni takataka. Kwetu mtungi mtupu ni mali. Hutekewa maji, hutiwa mafuta ya taa, huuzwa. Atakayeuona mtungi wako uliofungwa vizuri kando ya njia ataufungua aone kilichomo, kisha amwage sindano ili achukue mtungi. Kwa hiyo kabla ya kuanza kuutumia, bandua karatasi ya sabuni au mafuta, kata mkono wake ikiwezekana, na uandike kwa wino usiofutika kwa herufi kubwa: HATARI, SINDANO, USIFUNGUE. Kama jirani au msaidizi wa nyumbani hajui kusoma, chora sindano na alama ya mkato juu yake.

Chombo kikae mahali pa juu, mbali na watoto, lakini karibu na pale unapojidungia. Kikiwa chumba kingine, utaiweka sindano mezani kwanza ukisema utaipeleka baadaye, na baadaye haifiki. Kila sindano iingie humo mara tu baada ya kutumika, pamoja na visindano vya kutoboa kidole. Pamba na vipande vya kupimia damu vinaweza kufungwa katika mfuko na kutupwa na taka nyingine, kwa kuwa havidungi. Usiingize mkono ndani wala usishindilie ili zipatikane nafasi zaidi. Zikifika robo tatu ya chombo, kaza kifuniko, zungusha utepe wa kunata mara kadhaa, na uanze chombo kipya.

Kufunika au kutofunika?

Hospitalini ni mwiko kuirudishia sindano kifuniko chake baada ya kumdunga mgonjwa, maana hapo ndipo wauguzi wengi hujidunga. Wagonjwa wengine wamelisikia neno hilo na sasa hubeba sindano wazi kutoka chumbani hadi jikoni, jambo ambalo ni hatari zaidi. Mgonjwa anayejidunga mwenyewe na ambaye chombo chake kipo karibu hana haja ya kufunika, aitumbukize tu. Akiwa mbali na chombo, anaweza kufunika kwa mkono mmoja: kifuniko hulazwa mezani, sindano huingizwa ndani yake kama anayechota kwa kijiko, kisha husimamishwa na kubanwa. Mkono wa pili haugusi kitu. Kwa sindano ya kalamu, kile kifuniko kikubwa cha nje ndicho hurudishwa ili kuifungua na kuitoa. Usiiache kwenye kalamu hadi siku inayofuata, kwani hewa huingia na dawa huvuja.

Yule anayemdunga mwingine, kama mama na mtoto wake au binti na babake mzee, afuate kanuni ya hospitali na asifunike. Na asiwepo mtu wa kuipinda sindano au kuivunja kwa koleo akidhani ameiua. Ncha iliyovunjika huruka, na hakuna ajuaye itakapotua.

Moto wa uani

Wengi huuliza kama hawawezi kuchoma tu. Moto wa takataka uani huyeyusha plastiki na kutoa moshi wenye sumu, hasa ukichanganyika na plastiki za aina nyingine, lakini chuma cha sindano hubaki vilevile, kikali kama kilivyokuwa, kikiwa kimelala ndani ya jivu ambalo kesho litapelekwa shambani kuwa mbolea. Chuma hicho hakiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,300 za selsiasi, na matanuri mazuri ya hospitali hufanya kazi katika nyuzi 850 hadi 1,100. Hata hayo huacha sindano katika jivu, ndiyo maana jivu lake huzikwa katika shimo lililojengewa.

Kupeleka chombo kilichojaa

Hapa ndipo mambo huwa magumu, na lawama si ya mgonjwa peke yake. Njia iliyo bora ni kukirudisha chombo katika hospitali au kituo cha afya ambako mgonjwa huchukua dawa, kikaingizwa katika taka za kituo hicho. Vituo vingine hupokea bila maneno. Vingine mgonjwa hukutana na mlinzi langoni anayemuuliza kwa nini analeta takataka hospitalini. Ni vyema kuuliza mapema, siku ya kliniki, tena uulize watu wanaohusika: muuguzi wa kliniki ya kisukari au afisa wa afya ya umma. Ukishajua siku na mlango, hutasumbuka tena. Anayekaa mbali na kituo anaweza kumuuliza mhamasishaji wa afya wa kijiji chake ni kituo gani cha karibu chenye tanuri au kinachopeleka taka zake kwa gari.

Mtazamo wa mwandishi huyu ni kwamba anayetoa sindano ndiye anayepaswa kuipokea inaporudi. Afya ilikabidhiwa serikali za kaunti mwaka wa 2013, na ukusanyaji wa taka vilevile ni jukumu la kaunti, kwa hiyo hakuna afisi mbili za kusukumiana mzigo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, na inawatwika watengenezaji wa bidhaa wajibu juu ya mabaki ya bidhaa zao. Mgonjwa akishatenganisha, lazima pawe na mahali pa kupeleka. Kisanduku kimoja kikubwa chenye kufuli kwenye lango la kila hospitali ya kaunti ndogo hakigharimu pesa nyingi.

Kwa anayeishi pasipo kituo cha kumpokea, kwa mfano mfugaji aliye mwendo wa siku nzima kutoka zahanati, kuna njia ya mwisho ambayo WHO huiruhusu pale ambapo hakuna nyingine. Chombo kilichofika robo tatu hujazwa saruji iliyokorogwa na mchanga na maji, huachwa ikauke, kisha jiwe hilo huzikwa shimoni kwa kina, angalau mita 50 kutoka kisima au mto, mahali ambapo hapatalimwa wala kujengwa. Sindano zilizoshikwa na saruji hazimdungi mtu. Kuzika sindano tupu bila saruji hakutoshi, kwani mvua, mbwa na jembe vitazifukua.

Neno kwa wafugaji

Sindano nyingi za nyumbani mashambani si za watu. Mkulima wa maziwa hununua dawa na sindano katika duka la dawa za mifugo, humdunga ng'ombe mwenyewe, na kuichomeka sindano kwenye ukuta wa zizi kwa ajili ya siku nyingine. Sindano hizo ni nene na ndefu, na hupita kwenye sapatu na hata kiatu cha mpira. Zipo chanjo za mifugo ambazo ni hatari kwa binadamu pia. Chanjo hai za ugonjwa wa brusela zinajulikana kuwaambukiza waliojidunga kwa bahati mbaya. Zote zinastahili chombo kilekile, na ni vyema chombo cha zizini kiwe tofauti na cha nyumbani.

Ukidungwa

Aliyedungwa na sindano asiyoijua aoshe mahali hapo mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni. Asinyonye jeraha, asilikamue kwa nguvu, asilimwagie jiki wala spiriti kali, kwa sababu hayo huchubua ngozi bila kuondoa virusi. Kisha aende hospitali siku iyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinafaa zaidi zikianzwa katika saa za mwanzo, na hazianzwi saa 72 zikishapita. Humezwa kwa siku 28 bila kukatiza. Hutolewa katika hospitali za umma, na hakuna haja ya kungoja Jumatatu. Mwambie daktari kama umewahi kuchanjwa homa ya ini B na pepopunda, kwa sababu chanjo hizo nazo zinaweza kutolewa hapo hapo. Ikiwa aliyeitumia sindano anajulikana na yuko tayari kupimwa, aje naye, kwani huenda majibu yake yakamwondolea mwenzake mwezi mzima wa kumeza dawa.

Mzazi wa mtoto mwenye kisukari aongee pia na mwalimu wa darasa. Mtoto hudungwa saa za mchana akiwa shuleni, na sindano ya shuleni isipokuwa na mahali pake huishia kwenye pipa la darasa, ambalo humwagwa na watoto wenyewe kwa zamu. Chupa ndogo ya plastiki nzito, iliyoandikwa na kuwekwa katika kabati la ofisi ya walimu, hutosha muhula mzima, kisha hurudishwa nyumbani ikiwa imefungwa wakati wa likizo. Anayesafiri kwa basi afanye hivyo hivyo: abebe chupa ndogo yenye kifuniko cha kukaza mkobani, na asiache sindano kwenye mfuko wa kiti cha mbele yake, kwa maana abiria atakayeketi hapo baadaye ataingiza mkono akitafuta simu yake.